Don Belarminio Hatakiwi Dukani

Ilianzia kwenye haja ndogo. Jumapili iliyopita timu ya besiboli ya Santiago ilikuwa nyuma, na Don Belarminio, fundi friji, mjane asiye na mtoto, akainuka mbele ya televisheni ya dukani kwa Nurys kwenda msalani. Kabla hajafunga zipu, mpigaji wa Santiago alishaupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, timu ikaongoza. Akarudi, wapinzani wakasawazisha. Wanywaji wakatazamana.

"Hebu toka tena, mzee, tujaribu," akasema Quirino muuza kuku, nusu utani.

Akatoka. Timu ikapata pointi mbili.

Tangu hapo utani ukaisha. Katika mtaa ule mtu hafui fulana iliyoleta ushindi mpaka msimu uishe, seuze kumwacha kisirani akae ndani.

Leo ilikuwa mechi ya kuamua nani aingie fainali. Don Belarminio alioga mapema, akavaa kofia yake ya njano. Nurys akampokea mlangoni, mikono imezuia njia.

"Don Bela, usinichukie."

"Nikuchukie kwa lipi?"

"Wenzako wanaomba ukatazamie nyumbani."

"Televisheni yangu imekufa."

"Fundi gani wewe?" Quirino akadakia kutoka ndani. "Na redio usiwashe. Kusikiliza nako ni kutazama. Kakae na paka wako."

"Sina paka."

"Tafuta. Ila asiwe mweusi."

Wakacheka, naye akacheka. Hakuona ameonewa. Yeye mwenyewe aliyaamini mambo hayo, tena kuliko Quirino.

Akakaa kizingitini kwake, nyumba ya nne kutoka dukani, akiufuata mchezo kwa sauti za watu. Mguno wa pamoja, basi mpigaji wetu amekosa. Chupa zikigongwa mezani, kuna mkimbiaji wetu amefika kituoni. Tangu mkewe afariki, pale dukani ndipo palikuwa mahali pekee mtu alipomwuliza amekula nini.

Jua likielekea kuzama, Quirino akapita mbio kufuata barafu.

"Tuko nyuma kwa moja," akasema bila kusimama. "Awamu ya mwisho, tuna wawili vituoni. Usisogee hapo."

Ndipo wazo likamjia Don Belarminio: wakishindwa, nani ataweza kusema tena kwamba mkosi ni wangu? Kesho nitarudi kukaa nao. Akaona haya hata akasimama kulifukuza wazo lenyewe. Akakumbuka ameambiwa asisogee, akaketi upesi.

Mtaa ukanyamaza. Kisha ukalipuka.

Sufuria zikagongwa, pikipiki zikapiga honi. Don Belarminio alirusha mikono juu, akafurahi kwa dhati, akageuka kutafuta wa kumkumbatia. Akaishusha mikono taratibu. Muziki ulishaanza dukani. Akangoja aitwe.

Baadaye Nurys akaja na sahani ya wali na nyama ya mbuzi, na bia baridi.

"Wamekuletea. Quirino ndiye aliyekupakulia."

"Mwambie ahsante."

Nurys hakuondoka. Alikuwa akikunjakunja pindo la aproni yake.

"Fainali inaanza Jumanne, Don Bela."

"Najua."

"Ni mechi kadhaa. Sasa wenzako…"

"Nitakuwa hapa," akasema. "Waambie wasiwe na wasiwasi."