Santuri Iliyoanikwa Juani

Rafiki yangu, mimi ni mtu mzima, mstaafu, mwanakwaya wa sauti ya pili kanisani, na mwezi uliopita nilianza kupenda roki. Usicheke. Hata mimi sielewi. Nilikuwa jikoni kwangu hapa Soweto, Mbeya, namenya viazi, na mjukuu wangu anayesoma chuo alikuwa sebuleni na kile kispika chake kidogo. Mara likaingia gitaa linalokoroma kama mzee mwenye mafua. Kisu kikanitoka mkononi, na kabla sijafikiri nikapiga kelele: "Zima! Betri zinakufa hizo!"

Mjukuu akanitazama. "Bibi, mbona chaji imejaa?"

Akanieleza kwamba ile ni roki ya Zambia ya miaka ya sabini, na kwamba bendi za vijana anazozipenda yeye siku hizi zinaliiga gitaa lilelile. Linakwaruzwa makusudi, akasema, kuna kidude mpigaji anakikanyaga kwa mguu. Makusudi! Nilikaa kwenye kigoda na maganda ya viazi mapajani. Maisha yangu yote nilikuwa naamini sauti ile ni ugonjwa.

Ngoja nirudi nyuma, maana naona nakuchanganya, na mimi mwenyewe nimeshachanganyikiwa.

Nililelewa Uyole na bibi yangu, mama yake mama. Wakati ule Uyole ilikuwa mashamba tu na barabara kuu inayopita kwenda Zambia, na reli ilikuwa bado inajengwa. Mwezi wa saba unaamka unakuta umande umekuwa barafu juu ya majani ya viazi, miguu imepasuka, na kazi zinakusubiri palepale: kachote maji, kachochee moto, kachambue maharage. Kuni zetu zilikuwa za mlingoti, yaani mkaratusi, na moshi wake ulikaa kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye chai. Tulikunywa chai ya maziwa kwa viazi vya kuchemsha vyenye chumvi. Nimekula hotelini mara nyingi tangu hapo, lakini viazi kama vile sijavipata, au labda ni njaa ya utoto ndiyo sijaipata tena. Sijui.

Redio alituletea mjomba, mtoto wa mwisho wa bibi. Alikuwa utingo wa malori ya mizigo yaendayo Zambia, kijana wa suruali za bugaluu na nywele kama kichaka. Wiki mbili hayupo, siku tatu yupo, na siku hizo tatu nyumba ilikuwa inacheka yenyewe. Alinibeba mabegani hata nilipokuwa mkubwa wa kuchota maji ndoo nzima. Baba yangu simjui vizuri, hayo ni mambo mengine, lakini kama kuna mwanamume aliyenipenda utotoni basi ni yule.

Betri za redio zilikuwa adimu dukani, kwa hiyo tulizitunza kama mbegu. Redio ikianza kukwaruza tu, bibi anaizima, anazitoa betri, anazipanga kwenye ungo na kuziweka juu ya bati la jikoni zipigwe na jua. Jioni zinarudi na nguvu kidogo. Kila nyumba ilifanya hivyo. "Jua ni dawa," bibi alikuwa akisema, "linaponya mpaka chuma." Mjomba aliongeza ufundi wake wa kuzing'ata kwa meno, na alama zilibaki.

Sasa, Mbeya redio ya Zambia ilikuwa inashika vizuri kuliko ya Dar. Bibi akisubiri matangazo ya vifo, mimi nachezea kitufe, naangukia muziki wa huko. Kulikuwa na wimbo mmoja. Unaanza na ngoma taratibu, mtu anaimba kama anamlaumu jirani yake, halafu gitaa linaingia linakoroma. Hapo hapo bibi anapiga kelele kutoka nje: "Zima, betri zinakufa hizo!" Nazima. Nakimbia na ungo. Wimbo ule niliusikia labda mara kumi, na mara zote kumi uliishia kwenye gitaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba betri ni nzima na gitaa ndivyo lilivyo.

Mwaka mmoja, mwezi wa kumi, mjomba akarudi na santuri. Aliifunga ndani ya shati lake la Jumapili, akanifungulia mimi kwanza. "Humu ndani," akaninong'oneza, "mna gitaa ambalo Uyole nzima hakuna atakayelielewa. Wewe utalielewa." Unaona mzigo huo? Kumpa mtoto wa miaka tisa?

Gramafoni ilikuwa moja tu, ya mwalimu wetu, mtu wa miwani na nyimbo za kwaya. Jumamosi tukaenda. Mwalimu akaiweka santuri, sindano ikashuka, na Mungu wangu, ukawa wimbo uleule! Ngoma, sauti ya kulaumu, nikaanza kurukaruka. Gitaa likaingia. Mwalimu akanyanyua sindano haraka kama mtu aliyeungua.

"Imeharibika hii. Itaniulia sindano."

"Mwalimu, haijaharibika!" mjomba akasema. "Ndivyo ilivyo!"

"Kijana, mimi nafundisha muziki tangu kabla hujazaliwa. Hii imeharibika."

Mjomba aliirudisha kwenye shati. Njiani hakunibeba. Kesho yake akaondoka safari, akaniachia santuri: "Nitunzie. Sijui kama nilikuletea ubovu au vipi, lakini nitunzie." Na mimi nilitazama ile sura yake, sura ya mtu aliyepeleka zawadi kwa watu akarudi nayo, nikaapa kumsaidia.

Rafiki yangu, umeshajua nilichofanya.

Mwalimu alisema mbovu. Redio nayo ilikoroma palepale. Kwa akili zangu, santuri ilikuwa imechoka, na kitu kilichochoka dawa yake tulikuwa nayo nyumbani. Bibi alipokwenda shambani niliiweka kwenye ungo, katikati ya betri nne, juu ya bati. Jua la mwezi wa kumi kabla ya mvua, unalijua wewe? Nikaenda kupukuchua mahindi huku naimba. Niliporudi mchana betri zilikuwa zimelala salama, na santuri imejikunja kama chapati iliyoachwa pembeni ya jiko.

Bibi alinikuta nalia mpaka nimetapika. Hakunichapa. Aliilaza santuri chini ya jiwe la kusagia siku tatu, akawa anaifunua na kuifunika kama mgonjwa. Haikunyooka.

Mjomba alirudi na gramafoni. Ndiyo, alinunua ya kwake, huko huko Zambia, akaibeba kichwani kutoka barabarani, anacheka tangu kwenye milingoti. "Leteni santuri yangu!" Nilikuwa nakula kiazi. Kilinijaa mdomoni, hakimezeki, hakitemeki. Bibi akaenda ndani, akaitoa, akampa.

Mjomba aliigeuza, akaigeuza tena. "Nani?"

"Niliianika mimi," bibi akasema.

Na mimi nikanyamaza.

Ilikuwa rahisi kumwamini, maana bibi siku zote aliuita muziki ule makelele ya pepo. Mjomba alimgeukia mama yake. Akasema kwa sauti ndogo: "Nilijua unauchukia muziki wangu, mama. Sikujua unanichukia na mimi." Akabeba gramafoni yake, hakunywa hata chai.

Alihamia Iringa, akaoa huko, baadaye akapata kazi kwenye kiwanda cha karatasi Mgololo. Alituma sukari, alituma kanga, kila Krismasi bila kukosa. Yeye mwenyewe hakuja. Nilipomuuliza bibi kwa nini alisema vile, alikuwa anapepeta ulezi, hata hakusimamisha mikono. "Akikukasirikia wewe, utampoteza. Mimi ni mama yake. Mtu hamkasirikii mama yake muda mrefu. Atarudi." Alirudi kweli. Alirudi kumzika.

Na pale kaburini, mtu mzima nina watoto wawili, nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema. Usiniulize kwa nini, nimejiuliza mwenyewe nikachoka. Mara nadhani niliogopa kumpoteza mjomba. Mara nadhani nilitaka siri ya bibi ibaki ya bibi. Mara nadhani ni uoga tu, basi, tuache kuupamba.

Sasa ndiyo hii roki imenirudia uzeeni. Siku ile ya viazi nilimwambia mjukuu aurudie wimbo, na kwa mara ya kwanza maishani nikavuka lile gitaa. Ng'ambo yake kuna nini? Kuna kwaya! Watu wanaimba kwa kuitikiana, taratibu, kama wetu wa kanisani. Bibi angeupenda. Nililia, kisha nikaomba nyingine, na nyingine, na sasa napalilia bustani nikiwa na waya masikioni na majirani wanadhani nimepatwa na kitu. Lakini hata sina hakika kama ndio wimbo wenyewe. Nilijua mwanzo wake tu, na mwanzo unafanana na nyimbo nyingi.

Wa kumuuliza amebaki mmoja. Jumapili baada ya ibada nikampigia.

"Kamwene!" akaniitikia, maana Iringa imeshamfanya Mhehe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hivyo, kuna msiba?"

Nikamwambia asikilize. Mjukuu akawasha kispika, nikashikilia simu karibu. Gitaa likaingia, likakoroma. Sikusubiri uishe. Nikasema palepale juu ya muziki, kwa nguvu: "Mjomba, ile santuri niliianika mimi. Si bibi. Mimi!"

Kisha sauti yake ya kizee: "Mwanangu, simu yako inakwaruza. Betri imechoka hiyo. Ianike juani." Ikakatika.

Nikabaki nimeishika. Amesikia au hajasikia? Ananitania, au uzee umemrudisha mahali ambapo gitaa ni ugonjwa? Watu wote wa Uyole ile wamekwisha, mwalimu na sindano zake, bibi na ungo wake, hata lile bati la jikoni lilishang'olewa, pamejengwa fremu za maduka. Waliobaki wanaojua kwamba betri huanikwa ni sisi wawili, na mmoja wetu sikujua kama bado anakumbuka.

Mjukuu alikuwa ananitazama tu. Sikumweleza. Simu ikalia. Ni yeye.

"Nilikusikia," mjomba akasema. "Tangu mwanzo nilikusikia. Nilitaka tu kupumua." Akakohoa. "Sasa mbona mama alisema ni yeye?"

Jibu nilikuwa nalo tangu utoto, na lilikuwa zito kuliko kiazi kile. "Alisema mtu hamkasirikii mama yake muda mrefu. Alisema utarudi."

Nikasikia mlango wa kwake ukifungwa, na kiti kikivutwa.

"Uweke tena huo wimbo," akasema. "Usiuzime."

Mjukuu akauweka. Ngoma zikaanza, yule mtu akaimba lawama zake, gitaa likaingia. Nilibana simu sikioni. Kulikuwa na mkwaruzo sebuleni kwangu na mkwaruzo mwingine ndani ya simu, na mpaka wimbo unaisha sikuweza kujua upi ulikuwa wa gitaa na upi ulikuwa wa mjomba wangu.