Nusu ya Wimbo wa Ng'ombe

Kujifunza Kiorma kumenigharimu kilo nne za sukari, daftari moja na aibu moja. Sukari niliipima mara mbili. Aibu sijapata mzani wake.

Mwalimu wangu ni mama wa Kiorma anayeniletea maziwa dukani, hapa Garsen. Mimi ni Mpokomo wa kijiji cha Wema, na Kiorma changu kilikuwa cha sokoni tu: bei gani, punguza, hapana. Siku moja, akisubiri dumu lake lioshwe, aliimba polepole wimbo wa kunyweshea ng'ombe. Sikuelewa neno, lakini nilisahau kuhesabu chenji, jambo ambalo wanaonijua hawaliamini. Nikamwomba anifundishe. Alitaka robo kilo ya sukari kwa kila kipande. Nikatoa nusu ya hiyo. Akacheka, akachukua dumu lake. Nikapanda hadi robo yake.

Alitamka, nikaandika, kisha akanitaka nimsomee. Yeye hajui kusoma. Aliposikia maneno aliyofundishwa na marehemu mama yake yakitoka kwenye daftari la dukani, aliomba nirudie. Humo ng'ombe mwekundu anaitwa bi harusi, na kisima kinaombwa radhi kwa kelele za wanywaji. Miaka yote nimefanya biashara na watu hawa bila kujua wana maneno kama hayo.

Tulipofika katikati ya wimbo, akanialika mtoni nione ng'ombe wenyewe wakinywa. Nikataka kumfurahisha. Walipokuwa wakipita, nikawahesabu kwa sauti, kwa Kiorma: tokko, lama, sadi, mpaka wa mwisho. Kisha nikarudia, kuhakikisha.

Mama akajifunika mtandio vizuri. "Wewe, unataka wafe?"

Mifugo ya mtu haihesabiwi mbele yake. Ni kuiitia kijicho. Namba nilizijua. Pa kuzinyamazia sikupajua.

Wiki tatu maziwa yaliletwa na binti yake, na wimbo ukakatika. Nikaenda kuomba radhi. Akaniuliza kwa nini nahesabu. Nikasema, ili kujua kama mmoja amepotea.

"Na mtoto wako akipotea, unahesabu waliobaki?"

Akanitajia ng'ombe mmoja mmoja, kwa rangi, kwa pembe na kwa mama yake, akaniambia nisirudi mpaka niwajue hivyo. Nilirudi nikawataja wote, isipokuwa ndama aliyezaliwa jana yake. Kwa huyo alinisamehe.

Basi alipokuja tena dukani, nikafungua daftari na kushika kijiko cha sukari. Akasukuma sukari pembeni.

"Sasa ni wimbo kwa wimbo. Nyinyi mkipanda mpunga, mnaimba nini?"

Sikujua hata mstari mmoja. Mama yangu aliimba shambani kila msimu. Mimi nilikuwa nafukuza ndege na kulalamikia jua.

Nusu ya wimbo bado iko kwake, na hashuki bei. Kwa hiyo nawauliza nyinyi mnaosoma, hasa watu wa Wema na Kau: wimbo wa Kipokomo wa kupanda mpunga, mzima, nikautafute kwa nani? Nielekezeni. Bei tutaelewana.