Nilivyomwonea wivu muuza samaki wa mapambo mbele ya mke wangu

Wakuu, za jioni. Kisa hiki kimenikuta mwenyewe. Sijaongeza chumvi, labda ya kuonja tu.

Matokeo ya form four yametoka. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni huku mtaa wa Gerezani, na biology nimepata B. Kwa umri wangu wa miaka thelathini na nane, ile B ilizunguka mtaani kuliko mwendokasi.

Nikamwambia mama Glory, "Jumamosi nawapeleka wewe na mtoto mkaone samaki. Mwalimu ni mimi."

Mjini hapa katikati hatuna yale majumba makubwa ya samaki. Ila Mchafukoge kuna duka la samaki wa mapambo, matangi ya vioo toka sakafuni mpaka darini. Watu wanaingia kushangaa tu na hawafukuzwi.

Nilivaa suti, wakuu. Nilitaka siku ile mke wangu anitazame mimi, msomi, basi.

Nikaanza. "Glory, samaki anapumua kwa matamvua." Mtoto katoa macho. Mama yake katabasamu. Nikajiona profesa.

Ndipo akatokea mwenye duka. Kijana, ndevu bado zinajifikiria, kifua kama mlango wa benki. Akamuuliza mke wangu, "Dada, wewe si mtu wa Marangu?"

Yakaisha hapo. Wakahamia Kichaga.

Mimi mtu wa Pwani, naambulia majina ya vijiji tu. Wanacheka, wanashikana mikono, mke wangu anampiga kakofi ka bega. Kile kicheko mara ya mwisho nilikisikia tukiwa wachumba.

Nikabaki namfundisha samaki mwenyewe, maana hata Glory kashaenda kwa jamaa kulisha samaki.

Wivu ukanipanda mpaka nywele zikanyooka bila dawa. Nikaingia katikati yao.

"Kaka, wewe uza samaki. Huyu ni mke wa mtu."

Duka zima likageuka kututazama.

Mke wangu akaniangalia, akasema taratibu, "Baba Glory, babu yangu mzaa mama na baba yake huyu ni mtu na mdogo wake. Huyu ni mjomba wangu. Msalimie."

Mliooa Uchagani mnajua. Wakianza kuulizana "wewe wa nani", hawaachi mpaka wafike kaburi la kwanza la ukoo. Kumbe ndiyo kazi waliyokuwa nayo muda wote ule.

Basi na suti yangu nikamwinamia mtu wa miaka ishirini na sita.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Wala hakuona aibu.

Funzo: kabla hujamfokea mtu anayecheka na mkeo, ulizia kwanza ukoo. Ila wivu haujaisha, nisiwadanganye. Jana nimemwita Glory nimfundishe habari za mapafu, kanijibu, "Ngoja tu baba, Jumamosi nitamuuliza babu wa samaki."

Wenye ndoa, nani mwingine ameshawahi kumwamkia mtu aliyetaka kumkunja? Mwageni visa, nasoma vyote. Mama Glory kaenda dukani kwa mjomba.