Karburateri Iliyowalaza Wakwe Zangu Chini

Haya, muache kwanza mucheke mumalize, kwa sababu najua mumeshaisikia huko mtaani Kasha, kila mtu anaisimulia kwa namna yake, na wengine wanaongeza eti ng'ombe alikufa. Hakufa. Ndiyo, niliona haya siku ile, haya ya kutaka ardhi ipasuke inimeze, lakini gari sijauza na sitauza, na anayetaka kunicheka anicheke akiwa anatembea kwa miguu.

Gari lenyewe ni Vumilia, kamioneti yangu ya zamani niliyoiunga kwa mikono yangu (mimi ni fundi, hilo muliweke akilini, ndiyo maana aibu yangu inazidi ya mtu mwingine), bodi imetoka kwa gari moja, motere kwa lingine, viti sijui hata vilitoka wapi. Karburateri yake, ile inayochanganya benzini na hewa, ilikuwa imekufa, na siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari Walungu, kwa akina Furaha, mchumba wangu, ilikuwa imekaribia. Baba yake, Papa Murhula, alishasema waziwazi kwamba hakusomesha binti mpaka akawa mwalimu ili aje kumtoa kwa mtu wa mikono ya mafuta. Tonton Bahati, ndugu ya mama yangu na msemaji wetu, akanishauri tukodi gari la watu. Tukodi! Fundi akodi gari la kwenda kuoa! Nikamwambia Vumilia ndiye atakayenisemea.

Kwenye vyuma vya zamani nilikuta karburateri mbili. Moja ndogo, imechoka kidogo, lakini saizi ya motere yangu. Nyingine kubwa, ya midomo miwili, inang'aa, imetolewa kwenye gari lililokuja kutoka pwani. Ungekuwa wewe ungechukua ipi? (Usinidanganye.) Nikachukua kubwa, kwa sababu mlima ni mlima na ng'ombe ni mzito. Haikuingia, bila shaka, nikakata kipande cha alumini nikakipiga tupa mpaka matundu yakalingana, gasketi nikaikata kwenye jalada la daftari, kifuniko cha motere kikakataa kufunga nikakikaza na kamba ya mpira, na ikawaka! Ikaunguruma mpaka majirani wakatoka nje. Kasoro ilikuwa moshi mweusi tu, maana vitundu vyake vya benzini vilipimiwa hewa nzito ya pwani, na huku kwetu juu hewa ni nyepesi, benzini inazidi, nyingine inashuka kwenye bomba la moshi bila kuungua. Nilijua hayo yote. Nikasema tu, itavumilia.

Tulipofika juu ya mteremko wa kwa Papa Murhula, mimi na Tonton Bahati mbele, ng'ombe amefungwa nyuma, benzini ilikuwa karibu kwisha (ile midomo miwili ilikunywa kuliko wajomba zangu wote), basi nikafanya wanachofanya madereva wetu wote: nikazima motere, gia ikiwa ndani, gari likateremka lenyewe kwa bure. Lakini mtu haingii kwa wakwe kimyakimya kama mwizi, kwa hiyo karibu na lango, ambapo wote walikuwa wamesimama kutupokea, nikarudisha ufunguo.

PAAA!

Mahali pengine watu wangeuliza, nini hiyo? Sisi hatuulizi. Sisi tumefundishwa na miaka ya vita: unalala kwanza, unauliza ukiwa chini. Papa Murhula na suti yake, mama mkwe, wazee wote, chini. Tonton Bahati akajikunja chini ya kiti. Na mimi, niliyefunga karburateri ile mwenyewe, mtu pekee Walungu nzima aliyejua kwamba ni benzini iliyojaa kwenye bomba la moshi ndiyo imelipuka, nikafungua mlango nikaruka nikalala kwenye tope na koti jipya! Vumilia akaendelea polepole bila dereva, akaingia uani, akapindua mitungi ya kasiksi, pombe ya ndizi iliyopikwa kwa ajili yetu, akazimikia kwenye ua wa miti. Ng'ombe akakata kamba, akaruka, akakimbilia bondeni.

Nilipoinua kichwa, uso uliokuwa karibu na wangu ulikuwa wa Papa Murhula.

"Ni weye, mukwe?"

"Ni miye, papa. Jambo."

"Banapiga fasi gani?"

Hapo, alipouliza risasi zinapigwa upande gani, ningeweza kusema "kule ng'ambo", wote wangekimbilia kwenye migomba, na jina langu lingebaki safi mpaka leo. Lakini nilimsikia mama yake Furaha, amelala kifudifudi, anawaita watoto wake mmoja mmoja kwa majina.

"Hapana masasi, papa. Ni karburateri yangu."

Akainuka taratibu, akajipangusa magoti. "Karburateri," akasema. "Unatulalisha chini na karburateri! Na ng'ombe iko wapi?"

Ndipo Furaha akatokea bondeni. Kwa desturi alipaswa kufichwa chumbani mpaka ng'ombe akubaliwe, na huyo hapo, miguu mitupu, nywele zimesukwa nusu, ameshika kipande cha kamba, ng'ombe anamfuata. Tonton Bahati, ametoka garini na majani ya ule ua kichwani, hakukosa nafasi yake.

"Bazee, mumejionea benyewe! Mukono yenye imeshika kamba iko ya nyumba yenu. Mumeshapokea!"

Wazee wakacheka. Papa Murhula hakucheka.

"Furaha, umeshika hiyo kamba juu ya nini?"

"Juu ilikuwa inatoroka, papa. Na miye sikutaka itoroke."

Mzee akamtazama binti yake, akanitazama mimi na tope langu. "Basi ingiza," akasema. "Lakini ile gari isishuke tena hapa!"

Naapa, motere sitaizima tena kwenye mteremko. Vile vitundu nimeviziba na bati nikavitoboa upya, vidogo, na moshi umekwisha. Karburateri ni ile ile, midomo miwili. Tukifika pale juu, Furaha, sasa mke wangu, ananyoosha mkono anashika ufunguo nisiuzungushe mpaka tufike chini. Maana nilishuka tena, ndiyo. Papa Murhula alisikia motere inakuja, akatoka langoni, safari hii akasimama wima katikati ya njia, mikono mgongoni, akatusubiri.