Karani wa Uwanja wa Mlimani

Tangu alfajiri, katika uwanja mdogo wa ndege mlimani, Long Caixiu alikuwa akimkazia macho karani wa tiketi, kana kwamba yeye ndiye angeondoa ukungu. Kila mara karani yule alifuta kioo cha dirisha lake kwa mkono wa sweta, akachungulia nje, kisha akarudi kupanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Kila aliyeuliza alimjibu kwa sauti ya chini, “Tunangoja.” Huko mjini Guiyang mume wa Caixiu alikuwa afanyiwe upasuaji saa tisa, na madaktari walitaka kwanza sahihi ya mkewe.

Saa nne ndege ilisikika juu ya mawingu, ikazunguka mara mbili, kisha mlio ukafifia. Ndege nyingine ilikuwa ya kesho. Karani alifunga dirisha, akatoka, akanyanyua begi la Caixiu.

“Twende, dada. Shemeji yangu anapeleka uyoga stesheni ya treni. Nimemwambia akungoje.”

“Kumbe ulijua haitatua?”

“Sikujua. Ukungu ukishuka tu, huwa namwambia asiondoke kwanza, huenda abiria akamhitaji.”

Saa nane na nusu, baada ya gari la uyoga na treni, Caixiu alitia sahihi hospitalini, mikono ikinuka uyoga.