Mama Martine na Bonde la Chini ya Ziwa

Pwani ya mawe iliyo kati ya Kalemie na Zongwe ilimuua mume wa Mama Martine. Mtumbwi wake ulipasuka juu ya jiwe ambalo hakuna aliyejua liko pale. Baada ya matanga, mama huyo alifunga jiwe kwenye kamba, akaipiga fundo kila pima moja, akaanza kupima ziwa.

Alipima kwa viangazi viwili, asubuhi maji yakiwa yametulia. Watu walimcheka: mama mzima anavua mawe! Yeye alikuwa ameona jambo. Jiwe likiwa karibu na uso wa maji, wimbi linasimama na kuvunjika. Lakini kati ya majabali mawili makubwa kulikuwa na bonde la chini ya maji, lenye kina, linalofika hadi ufukoni. Humo wimbi lilijitandaza, likafika limechoka.

Agosti iliyopita nilipanda boti ya Papa Prospère kutoka Zongwe, tulikuwa watu thelathini pamoja na magunia ya unga. Upepo wa kusini ukatukuta. Maji yalianza kuingia, na Prospère akageuza boti kuelekea mchanga mweupe uliokuwa mbele yetu. Ndipo tulipomwona mwanamke akija na mtumbwi mdogo, akipiga kasia kwa nguvu zote.

“Papa Prospère, acha ule mchanga!” alipaza sauti. “Chini kuna jiwe pana. Mawimbi yatakuvunja pale!”

“Sasa niende wapi, Mama?”

“Hapa, kati ya haya majabali. Unifuate!”

“Unanituma kwenye mawe?”

“Katikati njo kwenye kina, ndipo penye maji marefu. Mimi nimepima!”

Prospère alitutazama, akamtazama yeye, kisha akamfuata. Kushoto na kulia mawimbi yalisimama meupe, marefu kuliko nyumba. Wanawake walikuwa wakisali kwa sauti. Chini yetu maji yaliinuka polepole na kushuka, basi. Tulifika ufukoni wote wazima. Unga tu ndio ulilowa.

Wiki iliyofuata Prospère alirudi na ndoo ya chokaa. Mama Martine alimwonyesha mawe mawili ya kupaka, moja chini ufukoni, jingine juu mlimani: ukiyaona kutoka ziwani yamepandana, moja juu ya jingine, uko bondeni. Leo manahodha wote wa njia ile wanayatafuta.

Nilipomshukuru, alinijibu kwamba rasi inayofuata bado hajaipima, na kiangazi kinakwisha.