Zimwi Ndani ya Duara

Jumamosi ya pili ya Agosti mwaka jana, kaka yangu aliniita mara tatu. Nilimsikia, nami sikuitika. Jumatatu alifariki.

Tulikuwa na uwanja wa michezo ya watoto hapa Ngokolo, kwenye kiwanja alichotuachia baba. Mbele kuna bembea na kibanda cha soda. Nyuma, penye ua wa minyaa, ndiyo ilikuwa sehemu ya kaka, na tuliiita Machimbo. Aliijenga aliporudi kutoka Geita, baada ya miaka kumi na mmoja ya kutafuta dhahabu, kifua chake kikiwa kimeshaharibiwa na vumbi la mawe. Aliweka mwalo wa kuoshea mchanga, ambapo watoto walitafuta shanga za njano. Akachimba na duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao.

Duara la kaka lilikuwa fupi. Mtoto alivaa kofia ngumu, akafungwa kamba kiunoni, akashuka ngazi chache, kisha akatambaa kwenye njia iliyoshikiliwa na magogo mpaka mwisho. Huko aliokota jiwe lililopakwa rangi ya dhahabu, akarudi nalo. Kaka alikaa juu ameshika kamba. Mtoto akiita "Juu!", yeye alijibu "Nipo!", hata akiitwa mara ishirini. Ndivyo walivyofanya kambini kwao karibu na Masumbwe, na kule mtu aliyeita kwa mzaha hakushuka tena siku hiyo. Hapa kwetu, mtoto akiita kwa utani, kaka alimpandisha taratibu, akamfuta vumbi, akamwambia, "Mjukuu wangu, chini hatuitani uongo." Kisha alimpeleka kwenye bembea. Wasichana nao walishuka, ingawa kule alikotoka mwanamke hasogelei duara. Alisema hiyo ndiyo sheria aliyoiacha Geita.

Mimi ndiye niliyeleta zimwi.

Watoto walikuwa wamepungua. Upande wa pili wa mji palifunguliwa uwanja wenye maturubai ya kujazwa upepo, yamechorwa watu wa kwenye sinema. Mwaka ule mabanda ya video yalikuwa yakionyesha sinema moja ya zimwi linaloishi pangoni, na yule anayeitafsiri kwa Kiswahili alikuwa amelipachika maneno yake mwenyewe: "Nani kaniamsha? Leo namla na ugali!" Kila mtoto wa Ngokolo aliyajua. Nikamwendea fundi wa magodoro, akanitengenezea zimwi la sponji na magunia, kijani, pembe mbili, macho ya balbu, na spika ndogo tumboni.

Kaka alilizunguka mara mbili.

"Zuri," alisema. "Utaliweka wapi?"

"Mwisho wa duara."

"Hapana, mdogo wangu. Liweke pale kwenye soda."

"Mchana kweupe halitishi, kaka. Linafanana na begi la safari."

Alicheka mpaka akakohoa, akashika nguzo. Alipopata pumzi alisema, "Mimi siichukii sinema. Nimelala njaa mara ngapi kwa sababu ya banda la video! Lakini sinema iwe na kwake. Hapa ni machimbo. Machimboni kuna giza, kuna vumbi, na kuna mtu anayekungoja juu. Mtoto akitoka humo ajue hayo matatu. Ukimwekea zimwi, atajua zimwi tu."

"Ni watoto, kaka. Wanataka kupiga kelele."

"Ndizo kelele ninazozikataa."

Nilimwona mzee kabla ya wakati wake. Nilimjibu kwamba machimbo yake yenyewe ni ya kuigiza, shimo la kina cha tumbo na mawe ya rangi, sasa uongo wa zimwi una ubaya gani? Kwa kuwa funguo za uwanja nilikuwa nazo mimi, zimwi liliingia.

Siwezi kusema halikuwavuta watoto. Walipanga foleni mpaka barabarani. Walishuka wakicheka, zimwi likanguruma, wakapiga mayowe: "Juu! Juu! Nakufa!" Siku mbili za mwanzo kaka alijibu kila mwito. "Nipo! Nipo!" Watoto wakamwiga na kuangua kicheko. Siku ya tatu alifunga kamba kwenye nguzo, akahamia kwenye bembea. Tangu hapo hakuna aliyejibu. Hata mimi masikio yangu yalizoea. "Juu!" ikawa sehemu ya kelele za Jumamosi, kama kuku.

Jumamosi ile balbu za macho zilizimika. Nilikuwa kwenye mlango wa Machimbo napokea watu, nikamwomba kaka ashuke atazame waya. Niliona anavyohema, nikamwomba hivyo hivyo. Akaingia.

Spika ilikuwa bado inanguruma. Kisha nikasikia, "Juu!" Sauti ilikuwa nzito, si ya mtoto, na watoto wote walikuwa wamesimama foleni mbele yangu. Hayo niliyaona. Ikaja ya pili.

"Shangazi, zimwi lenu leo limejifunza Kiswahili," alisema mama mmoja.

"Limekosa ugali," nikamjibu, tukacheka.

Ya tatu ilikuwa ndogo. Niliendelea kuwafunga watoto kofia. Nilikwenda baadaye, na nilikwenda kwa sababu foleni ilikuwa inalalamika, si kwa sababu nyingine. Nilimkuta amelala kifudifudi, uso karibu na miguu ya zimwi, anavuta pumzi kama mtu anayenyonya mrija ulioziba.

Hospitalini daktari alisema kifua kilikuwa kimekwisha siku nyingi, na huenda dakika zile zisingebadilisha kitu. Alisema huenda. Jumapili jioni kaka alifumbua macho, akaniuliza polepole, "Ulinisikia?"

"Nilikusikia, kaka."

Aliitikia kidogo kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo tayari. Akaomba uji. Alimeza vijiko viwili.

Tulimzika Kishapu, kwa mama. Niliporudi niliwaita vijana wawili wakalitoa zimwi, wakaliweka pembeni ya kibanda cha soda. Pembe moja ilikatika njiani. Watoto waliliandama uwanja mzima wakiimba yale maneno ya ugali, na tangu siku hiyo wanalipanda mgongoni na kulivuta masikio. Mchana kweupe wanalipenda vilevile. Hilo ningeweza kulijua kwa kujaribu siku moja.

Duara sijalifukia. Jumapili iliyopita baba mmoja alikuja na binti yake wa miaka kama saba, akaniambia mtoto ameona kofia zimetundikwa na anataka kushuka. Nilimwambia haiwezekani, hakuna wa kukaa juu. Akasema atakaa yeye. Nilimtazama. Simu ilikuwa mkononi na alikuwa anaandika kitu.

"Hapana," nikamwambia.

Alimchukua binti yake mpaka kwenye zimwi, akampiga picha mbili, wakaondoka.